Kumweleza Mtoto Wakati Unaorudi

Mizunguko ya wakati ni vipindi vinavyopita na kurudi kwa mpangilio: mchana na usiku, wiki, mwezi mwandamo, masika na kiangazi, mwaka. Mtu mzima ameizoea hata haioni. Mtoto wa miaka mitatu bado hajaifikia. Yeye ana sasa, na ana huko kwingine kusiko sasa, ndiyo maana anaweza kusema "jana tutakwenda kwa bibi" bila wasiwasi wowote. Jana na kesho kwake zina sifa moja tu, kwamba si leo.

Kuna mambo mawili ya kumfikishia mtoto huyu, na hayafanani. Kwanza, kilichopita kitarudi: usiku huu utakwisha, Jumapili itafika tena, mvua zitanyesha tena. Pili, kinachorudi si kilekile kilichoondoka. Jumapili ijayo ni siku mpya, na msimu ujao wa mpunga utamkuta mtoto mwenyewe ameongezeka kimo. La kwanza hufundishwa sana, kwa nyimbo na kwa chati za ukutani. La pili huachwa lijifundishe lenyewe, na hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Mswisi Jean Piaget alilichimba suala hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1928, huko Davos, Albert Einstein alimtupia swali la namna mtoto anavyoanza kuelewa wakati na mwendo. Jibu lilimchukua miaka, likatoka katika kitabu mwaka 1946. Mojawapo ya aliyoyaona ni kwamba mtoto mdogo huchanganya umri na kimo: akionyeshwa miti miwili, ulio mrefu kwake ndio wenye miaka mingi. Jambo hili linajaribika kwa urahisi katika ua wowote wa bonde la Kilombero, Tanzania, kwa kuwa mpapai wa mwaka mmoja unaweza kuupita kwa urefu mwembe wa miaka miwili. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa upi ulitangulia kupandwa, huelekea kuuonyesha mpapai, hata kama babu yake alikwisha kumweleza.

Waliokuja baada ya Piaget walimpunguzia ukali. Mmarekani William Friedman, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wakati katika akili za watoto, alionyesha kuwa mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuzipanga sawasawa shughuli za siku yake: kuamka, kula, kucheza, kulala. Siku za wiki na miezi ya mwaka ni habari nyingine. Mtoto huzikariri mapema kama wimbo, lakini akiambiwa arudi kinyumenyume kutoka Ijumaa hukwama, na kukwama huko huendelea hata katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Kukariri si kuelewa. Mwalimu anayefurahia darasa zima likiimba Jumatatu hadi Jumapili kwa pumzi moja, amesikia wimbo tu.

Mpangilio unaofaa basi ni kuanza na mzunguko ambao mtoto anauishi kwa mwili wake, kisha kupanda polepole kuelekea ile mirefu.

Mzunguko wa kwanza ni siku. Kijiji cha Mkula kiko kando ya barabara itokayo Mikumi na Kidatu kwenda Ifakara, chini ya safu ya milima ya Udzungwa. Mlima uko magharibi, bonde liko mashariki. Jua hutoka upande wa bondeni na kuingia nyuma ya mlima, na kivuli cha mlima huvifunika vyumba vya madarasa na mashamba wakati anga bado jeupe. Hali hii ina faida yake ya kufundishia. Mtoto anayeambiwa kwamba jua likizama ni usiku atapinga, naye ana haki, maana jua limeshaingia mlimani na bado anaona mpira anaoupiga. Mwalimu wa hapo hana budi kutenganisha vitu viwili: jua kuingia nyuma ya mlima, na giza kuingia. Mtoto aliyeshika tofauti hiyo ameshajifunza kutazama kabla ya kusema.

Kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba dunia ndiyo inayozunguka ni mapema mno. Atakubali kwa adabu, na hatakuwa ameelewa kitu. Afadhali apewe alama zinazofuatana, azipange. Jogoo, adhana ya alfajiri au kengele ya kanisa, moshi jikoni, uji, njia ya shule, kivuli kifupi cha mchana, kuteka maji, kivuli cha mlima, taa, mbu, chandarua. Alama hii ya mwisho ina uzito wake katika nchi hii. Malaria imechunguzwa kwa miongo mingi Ifakara, katika maabara ya Waswisi iliyofunguliwa mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mama wa kijijini anajua vizuri kama mtafiti kwamba mbu waenezao ugonjwa huo huuma zaidi usiku. Chandarua hushushwa kila jioni na kufungwa kila asubuhi. Hakuna kitu nyumbani kinachomwonyesha mtoto kufungwa na kufunguka kwa siku kwa uaminifu kuliko hicho.

Picha za alama hizo zikichorwa kwenye vipande vya boksi, watoto wazipange kwa duara chini, si kwa mstari. Mstari unaonyesha kwamba siku inaishia kwenye chandarua. Duara linamlazimisha mtoto kukiweka chandarua karibu na jogoo, na hapo anagundua mwenyewe kwamba baada ya mwisho kuna mwanzo. Mwalimu asiseme. Aulize tu: baada ya hapa kinakuja nini?

Saa ya Kiswahili inamsaidia mtoto huyu kuliko watu wanavyodhani. Inahesabu tangu kulipokucha: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Hesabu kama hiyo isingewezekana London, ambako mchana wa Desemba una saa nane hivi na wa Juni unapita kumi na sita. Mkula iko karibu nyuzi nane tu kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Tatizo huja na simu ya mkononi, inayoandika 7:00 wakati nyumba nzima inasema saa moja. Hilo ni somo la darasa la tatu au la nne. Kulileta mapema ni kumfundisha mtoto hesabu mbili kabla hajawa na moja.

Wiki ni ngumu kuliko siku kwa sababu haina alama yoyote angani. Hakuna jua la Jumatano wala mvua ya Alhamisi. Wiki ni makubaliano ya watu, na mtoto hawezi kuiona ila kwa yale ambayo watu hufanya: sala ya Ijumaa, misa au ibada ya Jumapili, siku ya gulio, Jumamosi isiyo na shule. Mtoto afundishwe kwanza siku mbili zilizo tofauti sana katika nyumba yake, nyingine zijaze nafasi katikati. Majina yenyewe yana mtego: hesabu yake inaanzia Jumamosi, wakati wiki ya shule inaanza Jumatatu, na mtoto mwerevu huuliza moja na mbili zimekwenda wapi. Anastahili jibu la kweli, kwamba inahesabiwa tangu siku inayofuata Ijumaa, kisha somo liendelee.

Kifaa cha kufundishia wiki hakigharimu chochote. Vizibo saba vya soda hutobolewa, vikapitishwa uzi, uzi ukafungwa ncha kwa ncha. Kila kizibo kina rangi au alama ya siku yake, na kipande cha kitambaa chekundu huhamishwa kila asubuhi. Kitambaa kikirudi pale kilipoanzia, wiki imetimia. Hapa ndipo lile jambo la pili linapoingia. Kila wiki inapotimia, mtoto achore alama moja ubaoni au aweke kokoto moja kwenye kopo. Vizibo vinazunguka, kokoto zinaongezeka. Mwisho wa muhula kopo limejaa na uzi wa vizibo ni uleule. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kulifikisha jambo hilo vizuri zaidi.

Wazazi nao wana njia yao, na ni nzuri. Mtoto anayeuliza, "Bibi, baba anarudi lini?" hajibiwi kwa jina la siku. Hujibiwa: "Ulale, uamke, ulale tena, uamke, ndipo aje." Kulala na kuamka ni kipimo ambacho mtoto anacho tayari. Kosa ni la mzazi anayejibu kesho kila anapoulizwa, ili aachwe apumzike. Mtoto wa hivyo hujifunza kwamba kesho ni siku isiyofika.

Mwezi wa angani una haki ya kutangulia mwezi wa kalenda. Unaonekana, unabadilika sura, na katika kijiji ambacho giza la usiku bado ni giza, watoto hucheza nje ukiwa mpevu. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi. Mambo mawili husemwa vibaya shuleni kuuhusu. La kwanza ni kwamba jua ni la mchana na mwezi ni wa usiku. Mtoto yeyote anayekwenda shule asubuhi, siku chache baada ya mwezi mpevu, anaweza kuinua uso akauona mwezi mweupe upande wa mlimani, jua likiwa limeshatoka. La pili ni michoro. Vitabu vilivyonakiliwa kutoka Ulaya huuchora mwezi mchanga umesimama wima, wakati huku karibu na Ikweta huonekana umelala chali, pembe zake juu. Mtoto anayechora alichokiona hukosolewa kwa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo ndiyo yenye makosa.

Mwezi wa kalenda uje baadaye, kwa njia ya mambo yanayorudi kila mwezi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano lililo wazi kuliko yote ni kliniki: kadi, mzani, uzito unaoandikwa. Mdogo wake anapobebwa kwenda kupimwa, mwezi umepita. Na kadi ile inaonyesha yote mawili kwa pamoja, kurudi kwa safari na kupanda kwa uzito.

Nyumba za Mkula na Ifakara zina Waislamu na Wakristo, hivyo watoto hukutana mapema na miaka miwili ya namna tofauti. Krismasi haitoki Desemba 25. Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, na kwa kuwa miandamo kumi na miwili ina siku 354 hivi, hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Ramadhani ya 2024 ilianza kabla ya katikati ya Machi, katika mvua. Ya 2030 inatarajiwa kuanza mapema Januari, na nyingine ikaanza mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo. Hata Pasaka, ambayo wengi huidhani ni ya tarehe za kubahatisha, hufuata mwezi mpevu, na kwa makanisa ya huku haianguki kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa hayo hulifurahia jambo, kwa sababu linaeleza kitu ambacho ameshakihisi: sikukuu moja ina makao na nyingine inasafiri.

Majira ndipo penye utajiri wa bonde hili, na ndipo vitabu huwaangusha walimu zaidi. Chati ya majira manne, yenye majani yanayopukutika na theluji, ikibandikwa katika darasa la Mkula ni pambo tu. Kilombero ina mvua na ina kiangazi. Mvua za mwanzo huja Novemba na Desemba, masika yakashika Machi hadi Mei, kisha ukavu mpaka Oktoba, wenye ubaridi wa kipupwe katikati yake. Kila kipande kina alama ambayo mtoto anaijua kwa mikono na mdomo. Kumbikumbi wakizagaa kwenye taa na watoto wakawakimbilia na mabakuli, mvua zimefungua. Maembe yameiva. Vyura wanapiga kelele usiku kucha. Baadaye maji ya Mto Kilombero hutanda bondeni, samaki huingia mabondeni kuzaliana, na sheshe, swala wa nchi hii, husogea pembezoni penye ukavu. Kiangazi kikija, maji hurudi mtoni, majani hukauka, moshi wa moto wa nyika huonekana mbali.

Mpunga hutembea na majira hayo. Shamba hutayarishwa mvua zinapokaribia, hupandwa kati ya Desemba na Februari, hupaliliwa, na hukomaa mvua zinapoishia. Punje zikianza kujaa maziwa, kwelea kwelea huja kwa makundi, na kazi ya kuamia ndege huanza. Familia nyingi huhamia shambani, hujenga dungu au kibanda, na watoto huenda nao, jambo linalowatia walimu uchungu kila mwaka kwa madawati yanayobaki matupu. Lakini mtoto aliyekaa dunguni kutoka alfajiri hadi jioni anajua msimu kwa namna ambayo chati haiwezi kumpa. Akirudi darasani, mwalimu mwenye busara humwachia yeye aeleze: kilitangulia nini, kikafuata nini, na kwa nini mpunga hauvunwi ukiwa wa kijani.

Hapa Mkula kuna jambo la kujihadhari nalo. Skimu ya umwagiliaji ya kijiji hupata maji yashukayo kutoka Udzungwa, na penye maji ya mfereji mpunga unaweza kupandwa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mtoto ambaye kwao kuna jaruba la skimu, na jirani yake ambaye baba yake hutegemea mvua, wakiambiwa kwamba mavuno mpaka mavuno ni mwaka mmoja, mmoja wao amedanganywa. Kuelekea Kidatu kuna miwa, nayo ina tabia nyingine: hukatwa, kisiki kikachipua tena bila kupandwa upya, kikakomaa kwa takribani miezi kumi na miwili. Mizunguko mitatu ya mimea katika mwendo wa barabara moja. Badala ya kuficha tofauti hizo ili somo liwe jepesi, afadhali zitumiwe, maana ndizo zinazomfundisha mtoto kwamba mzunguko wa mmea si lazima uwe mzunguko wa mwaka.

Na majira hayarudi kwa kipimo kilekile. Aprili 2024 maji yalizidi, yakaingia mashamba na nyumba katika bonde la Kilombero na chini zaidi Rufiji. Mtoto aliyeyaona akiambiwa mvua hurudi kila mwaka, huogopa. Ni wajibu wa mkubwa kumweleza kwamba mvua zitarudi, ila si kila mara kwa wingi ule. Huo ni ukweli, na unamtuliza kuliko ahadi tupu.

Mwaka ndio mzunguko mrefu na mgumu kuliko yote ambayo mtoto mdogo huulizwa. Kwa mtoto wa miaka mitano mwaka mmoja ni sehemu kubwa mno ya maisha aliyo nayo, na kumbukumbu yake ya mwaka uliopita ni vipande vipande. Tena mwaka hauna mwanzo wake wa asili. Januari ni makubaliano, na shule za Tanzania huyafuata. Makunduchi, Unguja, mwaka wa jadi hugeuka Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Kwa mkulima wa bondeni, mwaka huanza jembe linapoingia ardhini.

Hata hivyo angani mwaka una alama, na Mkula imepewa ubao wa kuziandikia. Mgongo wa mlima unaonekana kutoka kijijini, na jua haliingii mahali pamoja mwaka mzima. Juni huingia upande wa kaskazini zaidi, Desemba upande wa kusini zaidi. Darasa likisimama mahali pamoja uwanjani mara moja kila mwezi, na mwalimu akachora mgongo wa mlima na kutia nukta pale jua lilipopotelea, baada ya miezi sita nukta zitakuwa zimesafiri, na baada ya kumi na miwili zitakuwa zimerudi. Wingu likiziba siku hiyo, hurudiwa kesho yake.

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna kijiti. Kikisimikwa wima na kivuli chake kifupi kuliko vyote kikapimwa, baada ya saa sita mchana kidogo, kitaonekana kimelalia kusini mwezi wa Juni na kaskazini mwezi wa Desemba. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwisho wa Februari na katikati ya Oktoba, jua hupita utosini na kivuli karibu kitoweke. Watoto wa Ulaya hawawezi kuliona jambo hilo kwao hata siku moja.

Usiku kuna Kilimia, lile kundi la nyota ndogo lililosongamana, ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wamelitazama tangu zamani. Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, kazi za shamba zikianza. Mei hupotelea magharibi katika mwanga wa jioni, na hapa mlima huliwahi kulificha. Juni hurudi mashariki kabla ya alfajiri. Wahenga waliunganisha kuzama kwake kwenye mvua na kuzuka kwake kwenye jua, na katika bonde hili usemi huo bado unalingana na hali.

Wakati ukiwa umezunguka mwaka mzima, mtoto arudishwe kwake mwenyewe. Alama ya kimo chake ichorwe kwenye mwimo wa mlango mara moja kwa mwaka, wakati uleule, tuseme mpunga unapoingia ghalani. Familia nyingi bado hukumbuka kuzaliwa kwa mtoto kwa msimu kabla ya tarehe, hivyo msimu ndio siku ya kuzaliwa inayoeleweka nyumbani, na tarehe iko kwenye kadi ya kliniki kwa ajili ya shule.

Mtoto wa elimu ya awali anayeweza kuzipanga alama za siku kwa duara na kutofautisha jana na kesho hajachelewa kwa lolote. Wa darasa la kwanza na la pili atosheke na wiki, sura za mwezi, na majira ya kwao. Tarehe, saa za simu, na sababu za dunia kuzunguka jua zingoje darasa la tatu na la nne. Walimu na wazazi wa bonde hili wasiwaharakishe watoto kuifikia kalenda ya ukutani kabla hawajaulizwa jua liliingia wapi jana.